Sifa za Mgeni: Maadili ya Kutazama katika Maandishi ya Wasafiri Waliozuru Japani

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii huchukuliwa kwa kawaida kuwa onyo dhidi ya kuhukumu kwa sura ya nje. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo methali yenyewe hailijibu: ni nani aliyempa mgeni idhini ya kufungua? Na akishaingia, akaona, akatoka, kisha akaenda kuwasimulia watu ambao mwenye nyumba hatawajua kamwe, ana deni gani kwa yule aliyemkaribisha?

Makala haya yananuia kulichunguza swali hilo kwa kuzingatia kundi moja la maandishi, yaani habari zilizoandikwa na wageni kuhusu Japani tangu nchi hiyo ilipowafungulia wageni bandari zake katikati ya karne ya 19. Tumeichagua Japani kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo wasafiri wengi waliiandika kwa sifa. Wahakiki wa Afrika tumezoea kuyasaili maandishi ya dharau, kwa kuwa hayo ndiyo tuliyoandikiwa zaidi. Na tangu Edward Said alipochapisha Orientalism mwaka 1978, tumekuwa na zana za kutosha za kuifanya kazi hiyo. Maandishi ya sifa hatujayasaili kwa ukali huo, labda kwa sababu sifa haionekani kuwa kosa. Pili, Japani haikuwahi kuwa koloni la dola yoyote ya Ulaya. Kwa sababu hiyo inatuwezesha kulitenga, walau kwa kiasi, swali la kutazama na swali la kutawala, mambo mawili ambayo katika historia yetu yameshikamana mno hata ikawa vigumu kuyapambanua.

Dai letu ni kwamba thamani ya kimaadili ya maandishi ya msafiri haipimwi kwa kuangalia kama amesifu au amekashifu. Wala haitoshi kuuliza kama aliyoyasema ni kweli. Kipimo tunachokipendekeza ni hiki: je, maandishi hayo yanawaachia waliotazamwa nafasi ya kujibu, na je, mwandishi mwenyewe amebeba sehemu yoyote ya matokeo ya kauli zake?

Kashfa inayojifunga yenyewe

Tuanze na mfano ulio rahisi zaidi kuuhukumu. Mwaka 1885 afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, ambaye wasomaji wanamjua kwa jina la uandishi la Pierre Loti, alikaa Nagasaki kwa majuma machache. Alipatiwa huko msichana wa kuishi naye kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi, na kutokana na mambo hayo akatunga Madame Chrysanthème, kitabu kilichotoka mwaka 1887. Msimulizi wa kitabu hicho huona kila kitu cha Japani kuwa kidogo, cha kuchezewa, kisicho na uzito. Watu wake ni kama vikaragosi, na nyumba zao ni kama visanduku.

Tukio linalostahili kuzingatiwa zaidi ni lile la mwisho. Msimulizi anarudi kumuaga yule msichana, naye anamkuta akiimba huku akizigongagonga sarafu za fedha alizolipwa, apate kujua kama ni halali au ni za bandia. Msimulizi analichukua jambo hilo kuwa uthibitisho kwamba msichana hakuwa na hisia zozote kwake, na kwamba yeye naye anaweza kuondoka bila kujilaumu. Msomaji makini atauliza swali ambalo msimulizi halithubutu. Ni nani aliyeufanya uhusiano huo kuwa wa fedha tangu siku ya kwanza? Msichana anazipima sarafu kwa kuwa sarafu ndizo kitu pekee ambacho mkataba ule ulimpa haki ya kukipima.

Hapa kosa la mwandishi liko wazi, na kwa kuwa liko wazi, madhara yake ni rahisi kuyakinga. Kashfa humzindua msomaji. Humfanya ashuku, na hatimaye humgeukia mkashifu mwenyewe. Je, sifa nayo hufanya hivyo?

Vyombo vinavyoelea

Tangu karne ya 19 hadi leo, wageni wanaozuru Japani wameandika mambo yanayofanana kwa kiasi cha kushangaza. Wanasifu usafi wa barabara. Wanastaajabu kwamba treni hufika kwa dakika iliyotangazwa. Wanasimulia jinsi pochi iliyodondoka ilivyorudishwa na fedha zote zikiwemo. Wanaeleza kwa mshangao kwamba wanafunzi hufagia madarasa yao wenyewe. Jambo hili la mwisho litamchekesha msomaji wa Kenya, kwa kuwa wanafunzi wetu nao wamefagia madarasa, wamepiga deki na kufyeka nyasi kwa vizazi kadhaa, na hakuna msafiri aliyelitaja tendo hilo kama alama ya ustaarabu wa hali ya juu. Mshangao wa msafiri, basi, haupimi tu kile anachokiona. Hupima pia kile alichokuja akikitarajia.

Lakini kuna tatizo kubwa zaidi ya hilo. Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Msafiri anayesifu pochi iliyorudishwa huandika kana kwamba uaminifu unatokana moja kwa moja na moyo wa watu, kama maji yatokavyo chemchemini. Haoni kwamba katika miji ya Japani kuna vituo vidogo vya polisi, viitwavyo koban, vilivyotapakaa mitaani, ambako mtu anaweza kukabidhi alichookota bila usumbufu. Wala haoni kwamba sheria inampa aliyeokota haki ya kupata kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya mali iliyorudishwa, na kwamba, tangu mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2007, mali isiyodaiwa kwa muda wa miezi mitatu huweza kuwa yake. Hatusemi kwamba Wajapani si waaminifu. Tunasema kwamba uaminifu huo umeundwa, una mafundi wake, na kwamba kuuita tabia ya asili ni kuwanyima mafundi hao heshima ya kazi yao.

Mfano wa treni unatupeleka mbali zaidi. Tangu treni ya mwendo wa kasi, Shinkansen, ilipozinduliwa kati ya Tokyo na Osaka mwezi Oktoba 1964, ushikaji wa wakati wa reli za Japani umekuwa sura ya lazima katika kila simulizi la msafiri. Tarehe 25 Aprili 2005, katika mji wa Amagasaki karibu na Osaka, treni ya kawaida ya abiria iliingia kwenye kona kwa kasi ya takriban kilomita 116 kwa saa mahali ambapo kikomo kilikuwa kilomita 70. Iliacha reli ikagonga jengo la makazi. Watu 107 walipoteza maisha, akiwemo dereva aliyekuwa kijana wa miaka 23. Treni hiyo ilikuwa imechelewa kwa muda usiotimia dakika mbili. Uchunguzi rasmi, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa dereva alikuwa na wasiwasi juu ya kosa alilolifanya katika kituo kilichotangulia, na juu ya yale mafunzo ya kurekebishwa ambayo madereva waliokosea walipelekwa, na ambayo wengi wao waliyaona kuwa ni adhabu na udhalilishaji.

Je, msafiri aliyesifu ushikaji wa wakati ana hatia ya ajali hiyo? La hasha. Ingekuwa upuuzi kudai hivyo. Hata hivyo, ipo hoja ya kimaadili tusiyoweza kuikwepa. Sifa yake iliihesabu ile dakika bila kumhesabu dereva. Aliona matunda ya nidhamu, hakuuliza gharama yake wala ni nani anayeilipa. Na sifa ya namna hiyo ikirudiwa na maelfu ya watu hugeuka kuwa sehemu ya shinikizo lenyewe, kwa maana jamii iliyokwisha kusifiwa kwa jambo fulani hupata ugumu kukiri kwamba jambo hilo linawaumiza baadhi ya watu wake. Anayelalamika huonekana kana kwamba anawaaibisha wenzake mbele ya wageni. Hivyo basi sifa inaweza kumziba mwenyeji kinywa kwa ufanisi kuliko kashfa, kwani kashfa anaweza kuikanusha, lakini sifa ataikanushaje bila kuonekana mkosefu wa shukrani?

Raha ya kutoelewa

Mtu anaweza kutujibu kwamba tatizo hili ni la wanaodai kuijua Japani, na kwamba msanii asiyedai ujuzi wowote hana deni lolote. Mtetezi mashuhuri kabisa wa msimamo huu ni Roland Barthes. Katika L'Empire des signes, kilichochapishwa mwaka 1970 baada ya ziara zake za miaka ya 1960, Barthes anatangaza mapema kwamba hakusudii kuieleza Japani halisi. Anachukua vipengele kadhaa vya nchi hiyo, kama vile vyakula, vijiti vya kulia, vifurushi, mashairi mafupi na michezo ya vikaragosi, na kuvitumia kujengea mfumo wa ishara ambao yeye mwenyewe anaupa jina la Japani. Hakuijua lugha ya nchi hiyo, na anaieleza hali hiyo ya kutoielewa kuwa ni pumziko na starehe.

Kwa upande mmoja, msimamo huu una uadilifu wake. Barthes hadanganyi. Anamwonya msomaji, tena anajiepusha na ule ulaghai wa wasafiri wanaokaa majuma mawili kisha wanatangaza kwamba wameigundua roho ya taifa. Tukimlinganisha na Loti, tunaona hatua kubwa ya kujitambua.

Kwa upande mwingine, ni lazima tuulize: starehe ya kutoelewa ni ya nani? Kutoilewa lugha ya mahali ulipo ni raha pale tu ambapo hakuna jambo lolote la maana linalotegemea kuelewa kwako. Mhamiaji mwenye kushikilia karatasi asiyoweza kuisoma katika ofisi ya serikali haioni kuwa mfumo mzuri wa ishara. Aidha, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu cha Barthes, mwaka 1969, mwandishi wa Kijapani Ishimure Michiko alichapisha Kugai Jōdo, kazi inayohusu wavuvi wa Minamata na jamaa zao waliougua na kufa kwa kula samaki waliochafuliwa na zebaki kutoka kiwandani. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956, na serikali ikakiri rasmi chanzo chake mwaka 1968. Katika miaka ile ile, basi, samaki wa Japani alikuwa anaandikwa na watu wawili. Kwa mmoja alikuwa ishara nyepesi, iliyokatwa na kupangwa kwa ustadi katika sahani. Kwa mwingine alikuwa sumu ndani ya mwili wa mtoto.

Hatumlaumu Barthes kwa kutoandika kitabu cha Ishimure. Kila mwandishi ana mada yake. Tunachosema ni kwamba tamko la kutodai ukweli halifuti deni. Jina la Japani alilolitumia lilikuwa la watu, nao hawakuacha kulitumia alipoliazima.

Biratori, 1878

Mpaka hapa tumezungumzia madhara yasiyoonekana kwa urahisi. Sasa tugeukie tukio ambalo ndani yake hatari ilikuwa dhahiri na ilitajwa kwa maneno.

Mwaka 1878 Isabella Bird, msafiri Mwingereza, alisafiri kutoka Tokyo kupitia sehemu za kaskazini za kisiwa cha Honshu hadi Hokkaido. Aliandamana na mkalimani kijana aliyeitwa Ito, na habari zake alizipanga kwa namna ya barua, zikatoka mwaka 1880 katika kitabu Unbeaten Tracks in Japan. Ni kitabu chenye mambo mengi ya kweli na yasiyopambwa: viroboto, mvua, umaskini wa vijiji na farasi wakaidi. Katika nyumba za wageni Bird aliudhika mara kwa mara kwa kukosa faragha, kwa kuwa wenyeji walitoboa matundu katika vilango vya karatasi ili wamchungulie. Kejeli ya hali hii inafaa kufikiriwa. Mtu aliyesafiri nusu ya dunia ili kutazama alilalamika kwamba anatazamwa. Wanakijiji walikuwa wakimfanyia kwa tundu la kidole kile ambacho yeye alikuwa akiwafanyia kwa kalamu.

Huko Hokkaido Bird alikaa katika kijiji cha Biratori miongoni mwa Waainu, watu ambao ardhi yao ilikuwa imewekwa chini ya utawala wa serikali ya Meiji tangu mwaka 1869. Mwaka 1871 serikali hiyo ilikuwa imepiga marufuku baadhi ya mila zao, ikiwemo ya wanawake kuchanjwa chale usoni. Waainu walimkaribisha Bird vizuri. Alimpa dawa mwanamke mgonjwa, nao wakamweleza mengi kuhusu imani na desturi zao. Kisha wakamwomba jambo moja: asiiambie serikali ya Japani kwamba wamemweleza mila zao, wasije wakadhurika.

Tunajuaje kwamba walimwomba hivyo? Tunajua kwa sababu Bird mwenyewe ameandika. Alichapisha mila zile, akalichapisha jina la kijiji, na akalichapisha lile ombi.

Mtetezi wake atasema kwamba kitabu kilitolewa London kwa Kiingereza, mbali na macho ya maafisa wa Hokkaido. Atasema pia kwamba maelezo yake yamebaki kuwa ushahidi wa thamani kuhusu maisha ya Waainu wa wakati huo, ushahidi ambao vizazi vya Waainu waliofuata wameweza kuutumia. Hoja hizi si dhaifu. Sheria ya mwaka 1899 iliyodai kuwalinda Waainu iliwafanya wauache uwindaji wao na lugha yao, nayo haikufutwa hadi mwaka 1997. Serikali haikuwatambua kisheria kuwa wenyeji asilia hadi mwaka 2019. Katika historia kama hiyo kila kumbukumbu iliyosalia ina uzito.

Lakini manufaa yaliyokuja baadaye hayawezi kuwa ruhusa ya tendo lililofanywa kabla. Waliotoa siri ndio waliokuwa wamebeba hatari, na ndio waliokuwa na haki ya kuamua kama hatari hiyo inafaa kubebwa. Bird hakuwatukana. Kwa hakika aliwasifu kwa upole wao na kwa ukarimu wao. Wala hakusema uongo. Alisema kweli, tena kweli yenye faida. Hata hivyo alikosea, kwa kuwa alichukua neno alilopewa kwa sharti akalitoa bila sharti. Mfano huu ndio unaotulazimisha kukiacha kipimo cha ukweli peke yake. Msafiri anaweza kusema kweli tupu na bado akamdhulumu mwenyeji wake.

Sauti iliyo nyuma ya kitabu

Wengi watadhani kwamba dawa ya matatizo haya ni kukaa muda mrefu. Mgeni akiacha kuwa mgeni, akajifunza, akaoa, akazaa, hataandika kama Loti. Lafcadio Hearn ni mfano unaofaa. Alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa kimoja cha Ugiriki, akafika Japani mwaka 1890, akafundisha Matsue, akamwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akawa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Glimpses of Unfamiliar Japan kilitoka mwaka 1894, na Kwaidan, mkusanyiko wake wa visa vya mizimwi, ulitoka mwaka 1904, mwaka wa kifo chake. Wajapani wenyewe wameendelea kumsoma na kumheshimu.

Hata hivyo, Hearn hakuweza kuvisoma vitabu vya Kijapani kwa kujitegemea. Visa vingi vya mkusanyiko huo vilimfikia kupitia mkewe. Setsu alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo cha mumewe, kwamba Hearn hakutaka amsomee hadithi kitabuni. Alimtaka kwanza azisome mwenyewe na kuzielewa, kisha amsimulie kwa maneno yake mwenyewe na kwa hisia zake mwenyewe. Msomaji wa fasihi simulizi atatambua mara moja kilichokuwa kikitendeka. Setsu hakuwa mkalimani tu. Alikuwa fanani, mtambaji kamili, na mumewe alikuwa hadhira yake na mwandishi wake. Jina lililoandikwa juu ya jalada lilikuwa moja tu.

Je, hii ni dhuluma? Tunasita kuiita hivyo, kwa kuwa inaonekana waliifanya kazi ile kwa mapenzi na kwa hiari. Zaidi ya hayo, mkasa wa Hearn una jambo ambalo mikasa iliyotangulia haina: mwenyeji alijibu. Setsu aliandika. Kwa kumbukumbu zake tunajua jinsi vitabu vile vilivyoundwa, na tunamwona Hearn mwenyewe akiwa mtu wa kutazamwa, mwenye woga na tabia zake za ajabu. Msichana wa Nagasaki hakupata fursa hiyo katika kitabu cha Loti. Tofauti kati ya vitabu hivi viwili, basi, si kwamba kimoja ni cha sifa na kingine ni cha kashfa. Ni kwamba Hearn aliishi mahali ambapo neno lake lingeweza kumrudia.

Mgeni anayejibiwa

Mfano bora zaidi wa hali hii ya kurudiwa na neno ni wa Rabindranath Tagore. Alipofika Japani mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kupata Tuzo ya Nobel, alipokewa kwa shangwe kubwa kama nabii wa Asia. Aliyaandika kwa Kibangla mambo aliyoyaona, na katika maandishi hayo anausifu sana urembo wa maisha ya kila siku ya Wajapani, utulivu wao, na jinsi walivyoweza kuzuia maneno na mienendo isizidi kiasi. Alikuwa na kila sababu ya kuishia hapo. Badala yake, katika hotuba zake mjini Tokyo aliwaonya wenyeji wake, mbele yao, dhidi ya utaifa wa kijeshi walioiga kutoka Ulaya. Shangwe ikapoa. Baadhi ya wasomi na magazeti wakamwona kuwa mshairi wa taifa lililoshindwa, asiye na mamlaka ya kuwafundisha washindi.

Mwaka 1938, Japani ikiwa imeivamia China, mshairi Yone Noguchi, rafiki wa Tagore aliyekuwa amezuru India, alimwandikia akiitetea vita hiyo kwa jina la ukombozi wa Asia. Tagore alimjibu kwa huzuni na kwa uthabiti akiikataa hoja hiyo. Noguchi akajibu tena. Urafiki uliumia.

Kwa nini tunauona mfano huu kuwa bora? Si kwa sababu Tagore alikuwa sahihi na Noguchi alikosea, ingawa ndivyo tunavyoamini. Ni kwa sababu aliyoyasema kuhusu Japani aliyasema pia kwa Wajapani, na akalipa gharama yake. Sifa yake ilikuwa na uzito kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyeweza pia kulaumu. Na lawama yake ilikuwa na heshima kwa kuwa aliyelaumiwa alikuwa na kalamu, na aliitumia.

Mwenyeji naye

Kuna pingamizi la mwisho. Huenda tumemchora mwenyeji kana kwamba ni mhasiriwa asiye na hila, ilhali wenyeji nao hujiuza, hujipamba, na huwatazama wengine. Pingamizi hili ni la haki. Mwaka 1903, katika maonyesho ya viwanda ya Osaka, lilijengwa banda lililoitwa Jumba la Wanadamu, ambamo Waainu, Waokinawa, watu wa Taiwani na wengineo waliwekwa ili watazamwe na umma wa Kijapani. Waokinawa walilalamika, na jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu ya malalamiko yao ilikuwa kwamba wamewekwa pamoja na watu waliowaona kuwa duni kuliko wao. Aliyetazamwa na Loti alikuwa naye amejifunza kutazama. Na mwaka 1970 shirika la reli la taifa lilianzisha kampeni iliyoitwa Discover Japan, ikiwahimiza wakazi wa mijini waizuru nchi yao wenyewe kana kwamba ni wageni.

Haya yote ni kweli, lakini hayafuti hoja yetu. Yanaipanua tu. Deni la mtazamaji halitokani na rangi yake wala pasipoti yake, bali na nafasi yake. Yeyote anayetazama na kusimulia bila kuweza kujibiwa yumo ndani yake, awe Mfaransa, Mjapani au Mkenya.

Kuhusu kujiuza, ni vyema kuzingatia yanayotokea siku hizi. Mwaka 2019 Japani ilipokea wageni takriban milioni 31.9, mwaka 2024 idadi hiyo ilifikia karibu milioni 36.9. Serikali inautaka utalii huo, na wafanyabiashara wanafaidika. Lakini katika mtaa wa Gion mjini Kyoto, ambako wageni walikuwa wakiwafuata wanawake wa sanaa ya geisha ili wawapige picha, wakazi waliweka kwanza mabango ya kukataza, na mwaka 2024 wakawafungia watalii baadhi ya vichochoro vya binafsi, kwa tishio la faini ya yeni 10,000. Mwezi Mei wa mwaka huo huo mji wa Fujikawaguchiko ulisimamisha pazia lenye kimo cha mita 2.5 kuuzuia mlima Fuji usionekane kutoka mahali ambapo umati wa wapiga picha ulikuwa umewasumbua wenyeji. Liliondolewa mwezi Agosti.

Pazia lile linafaa kusomwa kama matini. Tumesema kwamba mwenyeji anayetazamwa bila kupewa nafasi ya kujibu hunyimwa sauti. Hapa mwenyeji alijibu kwa namna pekee iliyobaki, kwa kuufunika mlima wake mwenyewe.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba sifa si kinga dhidi ya hukumu ya kimaadili, na kwamba ukweli nao hautoshi. Tumependekeza mhakiki wa maandishi ya safari aulize maswali matatu. Je, matini inawataja waliomwezesha mwandishi kuona, yaani wakalimani, wake, wapagazi na wasimulizi? Je, waliotazamwa wana nafasi ya kujibu, ndani ya matini au nje yake? Na je, mwandishi amehatarisha chochote, au gharama yote imeachiwa wenyeji?

Maswali haya hayatuhusu kama wahakiki wa Japani pekee. Kenya ni nchi ambayo watu wake, na hasa Wamaasai na jamii nyingine za wafugaji, wamepigwa picha na wageni kwa zaidi ya karne moja, aghalabu kwa sifa. Tunaujua uzito wa kusifiwa na mtu asiyekujua. Lakini sisi nasi tunasafiri. Wasomi wetu wanakwenda kusoma Tokyo, Osaka na kwingineko, na wanarudi na habari. Wahenga walitufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husemwa kwa mzaha, kama namna ya kumwondoa mgeni mzembe. Tunadhani ina maana nzito zaidi: kwamba haki ya kukaa, na hata haki ya kusema, hupatikana kwa kushiriki kazi ya nyumba ile. Ni matumaini yetu kwamba watafiti wa Kiswahili watakaoandika habari za safari zao watalishika jembe hilo kabla ya kushika kalamu, na kwamba watakachokiandika watakuwa tayari kukisoma mbele ya waliowakaribisha.